Kambi ya Colito na Sajini Leakey wa Keya: nini hasa kilitokea Mto Billate, 19 Mei 1941?

mtaa_wa_mwenge:

Wakuu, heshima kwenu.

Kambi ya Lugalo hapa Dar es Salaam iliitwa Colito kabla haijabadilishwa jina, na maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalianzia humo. Jina hilo limetoka Ethiopia, kwenye mapigano ya mwaka 1941 ambapo mtu wa KAR (King's African Rifles, yaani Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) aitwaye Leakey alipata Victoria Cross (VC), nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Hapo ndipo simulizi zinapoanza kugongana. Kuna wanaosema alikuwa kapteni. Kuna wanaosema aliteketeza vifaru saba kwa mabomu ya mkono. Wengine wanashikilia kwamba ndiye yule yule Leakey mtafiti wa mabaki ya kale wa Olduvai.

Naomba wenye kumbukumbu watusaidie. Alikuwa nani? Alifanya nini, hatua kwa hatua? Mtu mwenye bastola tu anaingiaje ndani ya kifaru? Halafu askari wetu wa Tanganyika walikuwa wapi wakati huo? Maana kila ninaposoma habari hii naona jina moja tu.

Makavazi:

Mkuu, swali zuri. Nitajibu kwa kufuata hati ya nishani yake, iliyochapishwa kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, tarehe 15 Novemba 1945. Angalia hiyo tarehe: tendo ni la Mei 1941, nishani imetangazwa miaka minne na nusu baadaye, vita vikiwa vimekwisha.

Jina lake kamili ni Nigel Gray Leakey. Alizaliwa 1 Januari 1913 Kiganjo, karibu na Nyeri, Kenya. Cheo chake kilikuwa sajini, si kapteni. Batalioni yake ni 1/6 KAR, yaani ya kwanza kati ya batalioni zilizozaliwa na ile ya Sita, ambayo ndiyo Keya ya Tanganyika. Leakey alikuwa mlowezi wa Kenya, lakini kikosi alichopigana nacho kilikuwa cha watu wa Tanganyika. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho, na nitalirudia.

Hali ya vita ilikuwa hivi. Jeshi lililotoka Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham liliingia Mogadishu Februari 1941, likaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Watu wengi hudhani kazi iliishia hapo. Haikuishia. Waitaliano walikuwa bado na majeshi makubwa upande wa maziwa, katika nchi ya Galla na Sidamo, na mvua kubwa zilikuwa zinakaribia. Divisheni ya 11 ya Afrika ikateremka kusini kutoka Addis Ababa, Divisheni ya 12 ikapanda kutoka kusini, ili wawabane katikati. Shashamane ilichukuliwa 14 Mei. Kutoka pale barabara inakwenda magharibi hadi Sodo, wakati huo ikiandikwa Soddu, na katikati ya njia inavuka Mto Billate pale Colito. Ukitafuta kwenye ramani ya leo, tafuta Alaba Kulito. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, chini ya Brigedia Fowkes, ndiyo iliyopewa njia hiyo, na 1/6 KAR ilikuwa ndani ya brigedi hiyo.

Tarehe 19 Mei kombania mbili za 1/6 zilivuka mto, zikashika kipande cha ardhi upande wa pili huku adui akipinga vikali. Kabla hawajajiimarisha, Waitaliano wakarudi na shambulio la ghafla, wakitanguliza vifaru vya kati na vyepesi. Hati inasema wazi kwamba askari wale hawakuwa na silaha yoyote ya kukabili vifaru.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda hivi. Leakey alikuwa akisaidia shambulio kwa mota ya inchi 3, na mabomu yalikuwa yamemwishia. Kifaru kimoja kikatokea nyuma ya askari wake, kikiwa karibu kuwasaga. Akaruka juu yake. Risasi zilikuwa zikipita kutoka pande mbili. Akaufungua mnara, yaani kile kichwa cha juu cha kifaru kinachozunguka, kwa nguvu, akawapiga waliokuwa ndani kwa bastola, akamwacha dereva peke yake, akamlazimisha aendeshe kifaru hadi mahali pa kujificha. Akajaribu kukitumia kile kifaru: akaushika mzinga ili awapige wengine, ukakataa kufyatua. Akashuka akisema, "Nitawapata kwa miguu."

Akakimbia kwenye uwanja uliokuwa ukifagiliwa na rashasha na mizinga ya vifaru vingine. Hapa hati inataja watu wawili waliokwenda naye: sajini meja wa kombania, Mwafrika, na askari mwingine. Wakaanza kuvinyatia vifaru vile. Viwili vya kwanza vikapita. Leakey akarukia cha tatu, akafungua mnara, akamuua mmoja wa waliokuwamo. Kifaru cha nne kikafungua rashasha, kikamwangusha kutoka juu ya kile cha tatu.

Basi. Vifaru alivyovipanda ni viwili. Habari ya saba na ya mabomu ya mkono haimo.

Fundi Deraya:

Makavazi amemaliza habari ya matukio, mimi niongeze upande wa chuma, maana swali la "aliingiaje" linajibika.

Waitaliano walipeleka Afrika Mashariki aina mbili za vifaru kabla ya vita. Cha kwanza ni L3/35, kidogo mno, tani tatu na ushei, watu wawili, rashasha mbili za milimita 8 zilizotokeza mbele. L3 hakina mnara wala mzinga. Cha pili ni M11/39, tani 11, watu watatu. Vya aina hii vilipelekwa 24 tu. Hati inazungumzia mnara uliofunguliwa na mzinga uliokataa kufyatua, kwa hiyo vifaru vyote viwili alivyopanda Leakey ni M11/39. Anayechora picha ya tukio hili akaweka L3, amekosea.

Sasa tazama M11/39 ulivyopangwa ndani. Mzinga wa milimita 37 haukai kwenye mnara kama ilivyo kawaida. Umefungwa kwenye kiwiliwili, upande wa kulia, mbele. Mpigaji mzinga anakaa hapo chini, na ndiye anayeshindilia na kulenga, peke yake. Dereva yuko kushoto kwake. Juu kwenye mnara kuna mtu mmoja tu, kamanda, na silaha yake ni rashasha mbili za milimita 8 zilizounganishwa, na mnara anauzungusha kwa mkono. Mtu huyo mmoja anatakiwa atazame nje kupitia matundu membamba, azungushe mnara, apige rashasha, aamue wapi waende na amwambie dereva. Redio hakina.

Matokeo yake ni kwamba kifaru hicho kinaona vibaya sana kando na nyuma. Mtu akishafika ubavuni, mzinga haumfikii kwa sababu unageuka digrii chache tu kushoto na kulia. Akishapanda juu, rashasha za mnara nazo hazimfikii, ziko chini ya miguu yake. Hatari yake si kile kifaru alichopanda. Hatari ni majirani zake.

Ukihesabu watu utaona hati inakubaliana na chuma. Wako watatu: kamanda, mpigaji mzinga, dereva. Bastola ya jeshi la Waingereza ya wakati ule ilikuwa na risasi sita. Aliyefungua mnara anakutana kwanza na kamanda, ana kwa ana. Mpigaji mzinga yuko chini mbele, kiti chake kimebanana, hana nafasi ya kugeuka haraka na kutoa bastola yake. Dereva ana mikono kwenye vishikio. Risasi sita kwa wawili, na wa tatu anaachwa makusudi kwa sababu kifaru bila dereva ni pande la chuma katikati ya uwanja.

mtaa_wa_mwenge:

Mkuu Fundi, umenifungua macho. Ila hilo la mzinga kukataa linanisumbua. Mtu wa mota anajua silaha. Kwa nini ashindwe na mzinga mdogo wa milimita 37?

Na jambo la pili: kombania mbili zinavukaje mto bila silaha ya vifaru? Huo si uzembe?

Fundi Deraya:

Nianze na mzinga.

Mota na mzinga wa kifaru ni vitu viwili tofauti kabisa. Mota ya inchi 3 ni bomba wazi: bomu linaangushwa mdomoni, linateleza, linagonga sindano chini, linatoka. Hakuna mlango wa kufunga wala kifyatulio cha kuvuta. Mzinga wa milimita 37 una mlango wa nyuma unaofunguliwa na kufungwa, ganda la kutoa, kifyatulio na darubini ya kulengea, vyote vimepangwa kwa mkono wa mtu aliyefundishwa. Ongeza kwamba kiti cha mpigaji kina maiti. Halafu mzinga wenyewe unageuka kidogo tu. Ukitaka kulenga shabaha iliyo pembeni, sharti dereva akigeuze kifaru kizima. Dereva huyo ni Mwitaliano anayeendesha kwa kuelekezewa bastola, na nje wenzake wanakuja. Kwa mtu wa nje kuukalisha mzinga ule, aushindilie, aulenge na aufyatue, dakika kadhaa za utulivu zinahitajika. Leakey hakuwa nazo. Uamuzi wake wa kushuka ulikuwa sahihi kwa hesabu ya muda, hata kama uligharimu uhai wake.

Sasa habari ya silaha. Silaha ya askari wa miguu wa Kiingereza dhidi ya vifaru mwaka 1941 ilikuwa bunduki ya Boys, ya inchi .55, uzito kama kilo 16, yenye risasi tano kwenye kasha lake. Ingeweza kutoboa ubavu wa M11/39, ambao ni kama milimita 15. Uso wake wa mbele wa milimita 30, hapana. Mizinga ya kuvunja vifaru ilikuwapo pia, lakini hiyo inavutwa na lori. Mto unapovukwa kwa nguvu, wa kwanza wanapita na wanachoweza kubeba mabegani, vyenye magurudumu vinasubiri kivuko. Saa hizo za katikati ndizo adui anazozitafuta. Waitaliano wa Colito walijua kazi yao: walirudi na vifaru kabla ng'ambo ile haijapata cha kuwazuia, na kimoja wakakizungusha hadi nyuma. Walichagua wakati sawasawa.

Na mota? Mota ile nzima ina uzito wa kilo 50 na kidogo, inagawanywa mizigo mitatu: bomba, bamba la kukalia, na miguu. Kila bomu ni kilo 4 na nusu. Piga hesabu ya kubeba. Mabomu 60 ni kilo 270 mgongoni mwa watu, kuvuka mto, kupanda ukingo. Mota moja ikipigwa kwa kasi ya mabomu 10 kwa dakika, mzigo huo umekwisha kwa dakika 6. Kwa hiyo neno "mabomu yameisha" lisichukuliwe kama ajali. Ndivyo mota inavyomaliza kazi yake inapolifungulia njia shambulio. Hata kama yangebaki, bomu la mota linakwenda juu na kushuka. Kwa kifaru kinachotembea, kilicho karibu, halina faida.

Kuhusu kifaru cha nne, maana hapo ndipo alipokufa. Kunyatia kifaru kuna kanuni yake: unalala, unaacha cha mbele kipite, unakivamia ubavuni au nyuma. Leakey na wenzake wawili waliifuata, ndiyo maana viwili viliachwa vipite. Tatizo ni msafara. Vifaru vikienda kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kinaona mgongo wa kilicho mbele yake. Ukikivamia cha tatu, wa nne anakuona umesimama juu ya mnara, mrefu, huna kinga. Na rashasha ya milimita 8 haikidhuru kifaru mwenzake, hivyo hakuna anayesita kuipiga. Dawa ya kawaida ni kukivamia cha mwisho katika msafara, au kuwa na bunduki rashasha pembeni inayopiga matundu ya kinachofuata ili kamanda wake asione. Cha mwisho kingemfikia baada ya vyote kupita, na vyote vilikuwa vinaelekea kwa askari wake. Hakuwa na nafasi ya kusubiri.

Kiganjo Stesheni:

Hamjambo nyote. Kuhusu ukoo, nyongeza kutoka huku Nyeri, fupi.

Nigel si Louis. Louis Leakey, wa Olduvai, ni wa ukoo huo huo, lakini ni mtu mwingine. Baba yake Nigel ni Gray Leakey, mkulima wa huku, aliyeuawa na Mau Mau Oktoba 1954. Nigel alisoma Bromsgrove, Uingereza, kisha akarudi Kenya. Na ukoo huo umepata Victoria Cross mara ya pili: Joshua Leakey wa kikosi cha miavuli cha Uingereza, kwa tendo la Helmand, Afghanistan, Agosti 2013, ikatangazwa 2015. Watu huchanganya hawa wote, hasa wakiona picha mtandaoni.

Sajenti Nigel hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Mnara huo una majina ya karibu watu 500 wasio na makaburi.

Makavazi:

Asante Kiganjo. Narudi kwa askari wa Tanganyika, kama nilivyoahidi.

Hati inamtaja sajini meja wa kombania na askari mwingine. Haiwataji majina. Watu hao wawili walikwenda na Leakey kwenye uwanja ule ule, wakinyatia vifaru vile vile, na wao hata bastola ya afisa huenda hawakuwa nayo. Kwangu hili ndilo jambo la kusikitisha kuliko yote katika karatasi hiyo. Sajini meja wa kombania si kuruta. Katika Keya huyo ndiye mtu anayezijua tabia za kila askari wa kombania, ndiye anayepokea amri ya Mzungu na kuigeuza iwe Kiswahili kinachotekelezeka. Mtu wa cheo hicho anajulikana kwa jina katika daftari za batalioni. Aliyeandika hati angeweza kuliandika.

Na zile kombania mbili, kwa hesabu za kawaida za siku zile watu 200 na zaidi, hazikukimbia. Hati yenyewe inasema walipoona tendo lile waliendelea kupigana kwa ari. Kama wangevunjika, wangesukumwa mtoni, maana kurudi nyuma kulikuwa hakuwezekani. Bila vifaru vile Waitaliano hawakuweza kulikamilisha shambulio lao. Siku tatu baadaye, 22 Mei, Sodo ilichukuliwa. Kwa hiyo ushindi wa Colito una sehemu mbili, kusimamisha vifaru na kuishikilia ardhi, na sehemu ya pili ilifanywa na watu wa Tanganyika ambao leo huwezi kumtaja hata mmoja ukiwa na London Gazette peke yake.

Kuhusu nishani, mjue kanuni ya wakati ule. Katika jeshi la Uingereza aliyekufa akipambana na adui angeweza kupewa vitu viwili tu: Victoria Cross, au kutajwa kwenye taarifa za kamanda. Hakuna cha katikati. Military Medal (MM) na DCM (Distinguished Conduct Medal), nishani nyingine za ushujaa, zilikuwa za walio hai. Askari wa Keya walikuwa hata na DCM yao ya pekee, ikiitwa King's African Rifles DCM, hadi ilipofutwa mwaka 1942 wakaanza kupewa ile ya wote. Kwa hiyo askari aliyefanya tendo kubwa akafa, kama hakupendekezwa kwa VC, karatasi yake ilikuwa nyembamba mno. Na katika vita vile vya pili hakuna Mwafrika wa Keya aliyepewa VC.

Mzee wa Bagamoyo Rd:

Makavazi umenena. Niongeze habari ya jina la kambi.

"Colito" ni moja ya heshima za vita zilizoandikwa kwa KAR, pamoja na Juba, Awash, Gondar, Madagascar na zile za Burma. Batalioni ya Sita ilikuwa na haki ya kulibeba kuliko nyingine, maana damu yake ndiyo iliyomwagika Billate. Brigedi hiyo hiyo ya 22, 1/6 ikiwamo, ndiyo iliyoshuka Majunga, Madagascar, Septemba 1942. Uhuru ulipokuja, KAR ya Sita ikawa Tanganyika Rifles, na kambi ya Colito ikabaki na jina lake. Usiku wa kuamkia 20 Januari 1964 askari wake waliasi, na tarehe 25 makomando wa majini wa Uingereza wakashushwa kwa helikopta kutoka manowari HMS Centaur. Jeshi hilo likavunjwa, JWTZ ikaundwa 1 Septemba 1964. Jina Lugalo linatokana na mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski, 17 Agosti 1891.

Naelewa kwa nini jina lilibadilishwa, na sipingi. Ila wapo wanaodhani Colito lilikuwa jina la gavana wa Kiitaliano au la meli. Vijana wa Tanganyika walikufa mahali penye jina hilo, na hilo lingeandikwa kwenye kibao japo kidogo pale getini.

mtaa_wa_mwenge:

Wakuu, nashukuru kuliko ninavyoweza kusema. Swali la mwisho, na ni la vitendo: mtu akitaka kutafuta majina ya askari wa 1/6 waliokufa Colito, aanzie wapi? Na familia zenye ile nishani ya nyota ya shaba, je, inaweza kuwaonyesha babu alikuwa kikosi gani?

Makavazi:

Nyota kwanza, maana jibu lake ni la kukatisha tamaa. Nyota za Uingereza za vita vya pili zilitolewa bila jina. Africa Star, yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, waliipata waliopigana Abisinia kati ya 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941, na pia waliopigana Afrika ya Kaskazini. Inathibitisha kwamba mtu alikuwa vitani. Haisemi batalioni. Kama kuna nishani ya duara yenye maandishi ukingoni, hiyo iangaliwe kwa makini: Military Medal huchongwa namba, cheo, jina na kikosi. Msiisugue kwa dawa ya kung'arishia, herufi za ukingoni zinafutika. Kinachosaidia zaidi kuliko nyota ni kijitabu cha kuachishwa jeshi, kwa sababu ndicho chenye namba ya askari.

Kwa waliokufa, anza na orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ipo mtandaoni bure. Usitafute kwa jina kwanza. Chagua kikosi King's African Rifles, weka tarehe ya kufa kuanzia 19 Mei hadi mwisho wa Mei 1941, maana waliojeruhiwa wengine hufa siku zinazofuata. Halafu angalia sehemu mbili: Mnara wa Afrika Mashariki Nairobi kwa wasio na kaburi, na makaburi ya vita ya Addis Ababa. Ukipata orodha ndipo usome majina.

Mahali ambapo wengi wanakwama ni tahajia. Karani aliandika alichosikia. L na R hubadilishana, H huanguka, "Mw" inakuwa "Mu", na askari wengi wameandikwa jina moja tu au jina na la baba. Hivyo mtafute mtu kwa namba kama unayo, au kwa tarehe na batalioni, kisha jaribu kila tahajia. Wengine wameandikwa "KAR" bila batalioni, kwa hiyo ukichuja kwa "6th" peke yake utawakosa.

Nyuma ya hapo ni Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Fungu WO 169 lina shajara za vita za vikosi vya upande huu, mwaka 1941 ukiwamo. Fungu WO 373 lina mapendekezo ya nishani, na mapendekezo mara nyingi yana maelezo marefu kuliko yale yaliyochapishwa gazetini. Shajara zina kasoro moja kubwa: huandika maafisa kwa majina na askari kwa idadi. Kwa hiyo msiishie kwenye shajara ya batalioni. Someni mapendekezo yote ya MM na DCM ya 1/6 KAR kwa Mei 1941, hata ya watu wasiomhusu Leakey, mkitafuta cheo cha sajini meja wa kombania na neno Colito au Billate.

Fundi Deraya:

Nyongeza kwa watakaokwenda Kew: tafuteni kwa tahajia zote tatu, Billate, Bilate na Bilatte, na Soddu pia kwa d moja. Mafaili ya wakati ule hayakukubaliana hata kwenye jina la mto.

Na mkiona ripoti ya vifaru vilivyotekwa Colito, ombeni nakala ya ukurasa huo. Kifaru alichokamata Leakey kilifichwa kikiwa kizima, dereva wake akiwa hai. Kitu cha tani 11 hakipotei bila karani kukiandika mahali, na aliyeandika ni nani alikikuta huenda aliandika pia ni nani alikuwa akikilinda.

mtaa_wa_mwenge:

Nimechukua yote. Naanza na orodha ya makaburi, 19 hadi 31 Mei, batalioni zote za KAR. Nitaweka majina hapa kadiri ninavyoyapata, na tahajia kama zilivyo, ili wanaojua majina ya mikoa yao wasaidie kuyasoma.